Mmoja akivuma mtandaoni, mwenzake anabaki na vyombo
Na Afisa Ustawi wa Jamii, Mbeya

Tunakaribia Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Kwa wanaouliza kila mwaka: siku hiyo inawakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto ya Afrika Kusini mwaka 1976, siyo Soweto yetu ya hapa mjini. Kampeni zitakuwepo, mabango yatakuwepo. Mimi nimeomba nafasi nizungumzie jambo ambalo halimo kwenye mabango lakini linazidi kuletwa mezani kwetu: ndugu wa tumbo moja, wote chini ya miaka 18, wanaoacha kusemeshana baada ya mmoja wao kupata jina ghafla.

Wazazi wengi hufika na jibu tayari. "Afisa, huyu ana wivu na mwenzake." Kiti hakijapata joto, kesi imeshahukumiwa. Wivu upo, sikatai, hao ni watoto. Ila tukikaa nao mmoja mmoja, mara nyingi tunachokikuta ni dai. Mtoto anadai kazi aliyoifanya, hela aliyoisikia tu, au jina lake lililochezewa na watu asiowajua. Na dai husikilizwa. Kumwambia mdai aache wivu ni kumfundisha kwamba nyumbani hakuna wa kumsikiliza.

Nitoe mfano, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika. Mama mmoja wa maeneo ya Ilomba alituletea mabinti wawili, wa miaka 16 na 14. Mdogo anaigiza bibi muuza ndizi anayegombana na wateja. Klipu moja ilisambaa, na kabla mwezi haujaisha akawa hawezi kupita Mwanjelwa bila watu kumsimamisha wapige naye picha. Kisha usiku mmoja dada mtu akachukua simu na kufuta akaunti yote. Mama alitaka tumwandikie barua aende polisi "akaogope kidogo".

Yule mkubwa alikaa shingo upande, hajibu. Nilipouliza maneno ya yule bibi anatunga nani, alifungua begi akatoa kaunta buku ya hisabati. Mbele kulikuwa na maswali ya vipeo, yamesahihishwa. Nyuma, kurasa kwa kurasa, kulikuwa na maneno ya bibi, kwa mwandiko uleule, na kinyota kidogo kila mahali ambapo mdogo wake alitakiwa anyamaze kabla ya kujibu. Mama hakuwahi kuliona lile daftari. Mdogo alikuwa analijua, na muda wote huo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mengine yalifuata yenyewe. Dada ndiye aliyekuwa anashika simu na kurudia klipu hadi giza linaingia. Duka moja la nguo liliwapa gauni na hela kidogo ili walitangaze. Gauni likaenda kwa mdogo, hela ikalipa deni la mbolea. Zamu za vyombo zikahamia kwa dada moja kwa moja, kwa maelezo kwamba mikono ya mdogo inaonekana kwenye video. Shuleni walimu wakaacha kumwita jina lake, akawa "dada yake bibi". Nauliza: hapo ukiondoa wivu wote duniani, malalamiko yanakwisha?

Hapa ndipo wazazi hunishangaza. Wanasema sheria ya kazi za watoto ni ya migodini Chunya na mashamba ya chai Rungwe na Mufindi, siyo ya mtoto aliyeshika simu sebuleni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuandikwa hivyo. Kifungu cha 12 kinakataza kumtumikisha mtoto katika shughuli yoyote inayoweza kudhuru afya yake, elimu yake, au makuzi yake ya kimwili, kiakili na kimaadili. Ni shughuli yoyote. Anayekiuka haki zilizo katika sehemu hiyo ya sheria, kifungu cha 14 kinampa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili kwa pamoja. Umri wa chini wa mtoto kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomzuia kuhudhuria shule. Kazi ya usiku hairuhusiwi, na usiku kwa mujibu wa sheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria pia inaitaja kazi yenye ujira usiostahili kuwa ni unyonyaji. Sisemi kila klipu ya nyumbani ni ajira, na ofisi haina mpango wa kupita mlango kwa mlango kuangalia nani anacheza mbele ya simu. Nasema hela ikishaingia, hatuzungumzii tena mchezo, na watoto walioifanya kazi ni wawili.

Wazazi hupenda kutukumbusha kwamba sheria hiyohiyo inampa mtoto wajibu wa kuheshimu wakubwa na kuimarisha mshikamano wa familia. Ni kweli, imo. Wajibu huo ni wa watoto wote ndani ya nyumba, hata mwenye wafuasi laki moja. Vyombo vioshwe kwa zamu kama zamani.

Kundi la pili la malalamiko ni zito zaidi, nalo linahusu mtoto aliyeingia kwenye video bila kuitwa. Kijana wa miaka 13 alipita nyuma ya kaka yake akiwa amebeba ndoo ya maji, kaptula imechanika, baridi ya Julai imempausha miguu. Kaka alikuwa anacheza, video ikavuma. Watu hawakumwangalia kaka, walimwangalia wa ndoo. Wakamkata, wakamtengeneza stika ya WhatsApp, na hata darasani kwao ikawa inatumwa. Alimwomba kaka yake aiondoe video. Kaka akajibu kwamba hiyo ndiyo iliyomletea watu, akiifuta atarudi sifuri. Walikuwa wanalala kitanda kimoja. Mdogo akahamia kulala jikoni.

Kaka hakumtukana mtu, na ukimsikiliza unaona naye amebanwa: anaogopa kupoteza kitu ambacho hajui kilikujaje na hajui kitaondoka lini. Alikuwa anasoma komenti usiku hadi saa nane. Marafiki wa zamani wamejitenga, wapya wanataka kuonekana naye. Mtu pekee aliyemjua kabla ya yote hayo ni mdogo wake, na ndiye aliyeacha kuongea naye. Niseme wazi, katika hizi familia mtoto maarufu naye huwa mpweke, tena pengine kuliko wote.

Tulichokifanya pale ni kuwakalisha wote na mzazi, na video ikaondolewa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake, na wa ndoo alikuwa hajawahi kuulizwa. Kwa wanaoendelea kusambaza picha ya mtoto kwa nia ya kumdhalilisha au kumuumiza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Someni vizuri: isiyopungua, siyo isiyozidi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni, kwa mfano ndugu aliyekasirika kufungua akaunti feki kwa jina la mwenzake, ni kosa lingine katika sheria hiyohiyo, na adhabu yake ni kali kuliko hiyo.

Lakini tusitumie adhabu hizo kutishia watoto wetu. Mzazi aliyetaka binti yake aogopeshwe polisi si wa kwanza. Mtoto anayekosa huenda Mahakama ya Watoto, na Sheria ya Mtoto inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Dawati la Jinsia na Watoto kituoni lipo kwa ajili ya kumlinda mtoto. Halikuwekwa kuwa bakora ya kuazima.

Kuhusu akaunti zenyewe nitasema kwa ufupi. TikTok, Instagram na YouTube zinataka mwenye akaunti awe na miaka 13 au zaidi. Kuendesha laivu TikTok ni miaka 18. Mzazi anayemwandikia mtoto tarehe ya kuzaliwa ya uongo ili apokee zawadi za laivu, halafu akaja kwetu kulalamika kwamba watu wazima wanamtumia mwanawe maneno machafu, anatupa kazi ngumu. Mkataba wa tangazo uliosainiwa na mtoto wa miaka 15 haumfungi kisheria, kwa hiyo meneja anayemfuata mtoto getini shuleni na karatasi aelekezwe kwa mzazi, na mzazi aisome kabla ya kusaini. Hela iingie kwenye akaunti ya benki ya mtoto, na kama waliofanya kazi ni wawili, ziwe akaunti mbili. Mgawanyo uandikwe kwenye karatasi, uwe na tarehe, na watoto wote wawili wausome. Haihitaji mwanasheria.

Mnaotaka kuleta shauri, anzeni na afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, au ofisi ya mtendaji wa kata mkielekezwa hapo. Barua si lazima. Mlalamikaji anaweza kueleza kwa mdomo na sisi tukaandika. Leteni simu yenyewe yenye ujumbe au video inayolalamikiwa, msilete picha ya skrini peke yake, na msifute chochote kabla hatujaona, hata kama kinaudhi. Kama kuna vitisho au picha za utupu, nendeni moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto polisi, mpewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, kisha mje nayo kwetu. Picha za namna hiyo msizitume kwa mtu yeyote kwa ajili ya "ushahidi", hata kwa afisa, maana kutuma ni kusambaza. Mtoto asiyeweza kufika, au anayeogopa mzazi atajua, apige 116, namba ya simu ya kumsaidia mtoto, ni bure kwa mitandao yote. Huduma yetu hailipiwi, na yeyote anayewaomba hela ya fomu hakutumwa na ofisi.

Tukiwaita kwa kikao, njooni na watoto wote wawili. Wiki hadi wiki tunapokea mzazi aliyemleta yule maarufu peke yake, amevaa vizuri, na mwenzake ameachwa nyumbani kulinda wadogo. Kikao hicho tunakiahirisha.