Mchanganuo wa kazi za mradi: yanayosemwa kwenye kamati zetu, na ukweli wake

Chukua ghala la chama cha msingi cha ushirika huku kusini mwa Tanzania, tuseme Tandahimba au Ruangwa. Fedha zimepatikana, kamati ya ujenzi imeundwa, na kila mjumbe anajua kwamba msimu wa minada ya korosho ukifunguliwa Oktoba, mzigo hausubiri. Mtu akisema tukae kwanza tuandike mchanganuo wa kazi, ule ambao wataalamu wa miradi huuita WBS (kwa Kiingereza, work breakdown structure), majibu huwa yale yale. Nayachukua moja moja, kwa sababu fedha ya mkulima hupotelea humo.

"Mchanganuo tunao, ndiyo ile ratiba"

Karatasi inayoonyeshwa huwa na mistari kama hii: kuchimba msingi, kumwaga jamvi, kupandisha ukuta, kufunga lenta, kupaua, plasta, rangi. Hiyo ni orodha ya shughuli. Inahitajika, lakini imeruka hatua.

Mchanganuo huanza na kitu kitakachokabidhiwa: ghala linaloweza kupokea na kutunza korosho. Kitu hicho kinagawanywa katika sehemu ambazo nazo ni vitu au matokeo: jengo, eneo la malori, mzani, umeme, vibali, makabidhiano. Kila sehemu inagawanywa tena hadi mfike kwenye kifurushi cha kazi, yaani sehemu ndogo ambayo mtu mmoja anaweza kuisimamia, kuikadiria gharama na muda, kisha akaikagua na kusema imeisha au bado. Shughuli huandikwa baada ya hapo, na ratiba hutokana na shughuli.

Itazame sakafu peke yake. Kwenye orodha ni mstari mmoja, "kumwaga jamvi". Kwenye mchanganuo inakaa hivi:

2.3 Sakafu ya ghala
2.3.1 Kifusi kilichoshindiliwa
2.3.2 Nailoni ya kuzuia unyevu
2.3.3 Jamvi la zege
2.3.4 Sakafu iliyosawazishwa

Fundi anaweza kumwaga jamvi bila nailoni, na zege likishakauka hakuna jicho litakaloona. Korosho ndizo zitakazosema. Unyevu unapanda kutoka chini, magunia ya tabaka la kwanza yanaanza ukungu, daraja linashuka. Namba 2.3.2 ikiwa imeandikwa na ina mtu wake, jamvi halimwagwi mpaka mtu huyo amekagua nailoni na kutia saini.

"Tuna BOQ, inatosha"

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa kuwa inasemwa na watu makini. BOQ, yaani jedwali la vipimo na gharama za ujenzi, inahesabu vifaa na kazi za ujenzi: saruji, nondo, kokoto, mabati, ufundi. Lakini ghala la stakabadhi, yaani lile linalopokea mzigo wa mkulima na kumpa hati yake, linahitaji leseni ya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Mzani unahitaji kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mtunza ghala anahitaji mafunzo, na chaga za kupangia magunia lazima ziwepo kabla ya gari la kwanza kushusha. Hivyo havipimwi kwa mita za mraba, basi vinakosa mstari, vinakosa bajeti na vinakosa mwenyewe. Oktoba inafika, ukuta unang'aa kwa rangi, na wakulima wanapeleka mzigo ghala la jirani.

Kanuni kuu ya mchanganuo ni ya asilimia 100: sehemu za chini zikijumlishwa ziwe sawasawa na kazi yote, zisipungue wala zisizidi. Kazi ya usimamizi wenyewe, vikao na ukaguzi, nayo imo. "Zisizidi" ina uzito wake pia. Mjumbe akitaka ukumbi wa mikutano ubavuni mwa ghala, ama ukumbi unaingizwa wazi na fedha zake, ama unaachwa. Hauingii kimyakimya kwa saruji ya ghala.

Sisi wa kusini tuna ushahidi mkubwa wa kazi isiyoonekana nyuma ya zao. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, haukuwa shamba tu. Ulihitaji reli, na ulihitaji bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Mpango ukafutwa 1951, na ujenzi wa bandari ukakamilika 1954. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Udongo, mvua na mashine vilichangia sana kuuangusha mpango ule, na sidai kwamba karatasi ya mchanganuo ingeuokoa. Ninachosema ni kwamba njia ya kutoa zao shambani hadi melini ni sehemu ya kazi ya zao, na lazima iandikwe tangu mwanzo.

"Hayo ni mambo ya miradi mikubwa ya Ulaya na Marekani"

Chimbuko ni huko kweli. Jeshi la Marekani lilikuza njia hii kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa kuunda makombora ya Polaris, na mwaka 1968 Wizara ya Ulinzi ya huko ikaifanya kiwango rasmi. Lakini mchanganuo wa ghala letu unatosha ukurasa mmoja au miwili ya daftari. Hauhitaji programu ya kompyuta.

"Ukiwa na mistari mingi ndiyo umefanya vizuri"

Hapana. Mwongozo unaotumiwa na wengi ni kwamba kifurushi kimoja cha kazi kiwe kati ya saa 8 na saa 80 za kazi. Ukishuka hadi "kununua misumari", msimamizi atashinda akijaza karatasi.

"Ni mgawanyo wa vyeo"

Nani anaripoti kwa nani ni chati nyingine. Kwanza kitu, halafu mwenye kukibeba.

"Ukishapitishwa haubadiliki"

Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu pale Somanga, Kilwa. Mradi uliokuwa unasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam ulisogeza tarehe zake, na hapo kilichobadilika ni ratiba. Mchanganuo wa mradi huo ulibaki vilevile, kwa sababu kitu cha kukabidhiwa hakikubadilika. Ila kamati ikisema, baada ya mvua kama zile, kwamba ghala sasa lipate mtaro wa kupitisha maji, hilo ni jambo jipya. Linapewa namba, gharama na mhusika, linaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kisha ndipo jembe linashikwa.

"Aandike mhandisi, sisi tutasaini"

Mhandisi anajua zege. Mtunza ghala anajua mlango unaotosha wapagazi wawili kupishana na gunia la kilo 80 begani. Dereva anajua kwamba lori lenye tela haligeuki kwenye uwanja mdogo, na kwamba mvua za Desemba zikishaanza, tairi linazama pasipo na changarawe. Wakae wote kikao kile cha kwanza, daftari likiwa wazi, na kila anachotaja mmoja wao kipate namba yake kabla hamjafungua BOQ.