Mshale wa presha ya oili: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Hapa Nakuru wenye magari ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hasa Subaru, wameanza kufunga geji ya presha ya oili, na mimi nafurahi sana. Nimefungua injini zilizonoki za kutosha kujua kwamba wengi wao wangeokoa pesa nyingi kama wangeuona mshale ukishuka mapema. Ila geji iliyofungwa vibaya, au inayosomwa vibaya, inampa dereva imani asiyostahili kuwa nayo. Na maneno yanayozunguka gereji zetu, kuanzia hapa hadi Kisumu, yana makosa mengi.

"Taa ya dashibodi inatosha"

Ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili haipimi kitu. Inawashwa na swichi, na kwenye injini nyingi swichi hiyo inangoja presha ianguke chini ya psi 7 hivi (psi ni kipimo cha presha), nyingine hata chini zaidi. Mafundi wengi hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Basi ukiwa unapanda mlima Salgaa kwa mizunguko 3,000, unahitaji kama psi 30. Ikiwa umebaki na 12, taa imezima kimya na wewe unaendelea kukanyaga. Wakati huo mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo nyingi unaelea juu ya utando mwembamba wa oili tu. Taa ikija kuwaka, mara nyingi inatangaza msiba uliokwisha tokea.

"Funga T ya shaba, tia sensa, kazi imeisha"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nusura nipoteze injini.

Kwenye injini za Subaru za EJ, swichi ya presha iko juu ya bloku, chini ya alteneta. Njia ya haraka ni kuitoa, kukaza T ya shaba mahali pake, kisha kurudisha swichi upande mmoja na kufunga sensa ya geji upande wa pili. Sensa ile ni kipande kizito cha chuma. Injini inatikisika mchana kutwa, uzito wote unaning'inia kwenye shingo nyembamba ya shaba, na shaba huchoka.

Gari langu lilifungwa hivyo na gereji moja, kabla sijaingia kazi hii. Nilikuwa natoka Kisumu, nimeshapita Kericho, nakaribia Londiani, mara mshale ukakimbia juu hadi mwisho wa geji na kugandia huko. Taa haikuwaka. Nikajiambia presha iko nzuri mno leo. Kilichoniokoa ni harufu ya oili ikiungua kwenye egizosi, kisha moshi. Nikazima injini papo hapo na kuegesha. Nilipofungua boneti, T ilikuwa imekatika shingoni, inabembea kwa nyaya zake, bloku yote inang'aa kwa oili. Dipstiki ilitoka imelowa ncha tu.

Kwa nini vyote viwili vilidanganya kwa pamoja? Swichi na sensa ya waya mmoja hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri, kupitia chuma cha injini. T ikikatika, ethi imekatika. Swichi isiyo na ethi haiwezi kuwasha taa. Na sensa kama ile yangu hutoa ohmu 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme) presha ikiwa sufuri, na karibu ohmu 180 ikifika juu kabisa. Waya ulioachia, geji huusoma kama presha ya ajabu. Tangu siku hiyo, mshale ukiruka juu ghafla nasimama haraka kama ninavyosimama ukishuka.

Dawa yake ni paipu fupi ya kunyumbuka, iliyosukwa kwa waya wa chuma na inayostahimili oili ya moto, kutoka kwenye bloku hadi kwenye bodi ya gari. Huko kwenye bodi ndiko T inashikiliwa kwa bolti, pamoja na sensa na swichi, na ndiko vyote viwili vinavutiwa waya wao wa ethi. Usitegemee paipu ikufanyie kazi ya ethi. Ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji nayo iache dukani: ikizungushwa kwa wingi inaweza kuzuia ethi, na vipande vyake vikikatika vinaingia kwenye njia za oili ambazo kwenye turbo ni nyembamba sana. Paka gundi ya thredi (yale meno ya kukazia) kidogo, ukiacha thredi ya kwanza tupu.

Hapo hapo kuna kosa jingine, la kusema kwamba thredi zote za saizi moja ni sawa. Bloku za Kijapani hutumia thredi yenye meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi zenye kipimo cha Kimarekani zina meno 27, na pembe ya jino pia ni tofauti. Inaingia kwa mkono, inakudanganya, kisha inaanza kukataa. Ukileta spana ndefu utapasua aluminiamu. Tafuta adapta.

Na ukinunua geji ya mtumba bila sensa yake, usiokoteze sensa yoyote. Kuna zinazopanda kutoka ohmu 10 hadi 180, na kuna zinazoshuka kutoka 240 hadi 33. Ukizichanganya, mshale utakuonyesha mambo kinyume.

"Presha kubwa ndiyo afya ya injini"

Hili ndilo linalonisikitisha zaidi. Mteja analeta gari ambalo mshale uko chini likipata moto, anaambiwa aweke oili nzito ya 20W-50. Mshale unapanda, anaenda nyumbani akishukuru, na beringi zilizolika zinaendelea kulika.

Presha ni upinzani wa njia inayopita oili. Uji mzito ukiupitisha kwenye mrija, utasukuma kwa nguvu nyingi na kupata kidogo mdomoni. Ndiyo maana asubuhi ya Julai, Nakuru ikiwa na baridi yake, mshale unagonga psi 80 huku sehemu kubwa ya oili ikirudi kupitia vali ya pampu bila kufika mbali. Huo si wakati wa kuiamsha turbo. Ngoja oili ipate moto.

Kinyume chake, ukifika Kisumu saa nane mchana baada ya safari ndefu, injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, psi 15 haipaswi kukutisha. Wapo wanaodai eti ni mwinuko wa mahali. Mwinuko unaigusa turbo kwa sababu hewa ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni nyepesi kuliko ya Kisumu. Pampu ya oili haisukumi hewa.

"Geji ikisoma vizuri, turbo inapata oili"

Geji inasoma pale ilipofungwa tu. Baadhi ya Subaru zina chujio dogo ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo. Likiziba kwa masizi ya oili iliyochakaa, turbo inakufa kwa kiu na mshale hautasogea hata kidogo. Wala geji haipimi kiasi cha oili, ingawa mshale unaodondoka kwenye kona kali unakuambia ushike dipstiki mara moja.

Baada ya kufunga, weka daftari kwenye gari kwa wiki moja, uandike: injini baridi, injini moto bila kukanyaga, injini moto kwa mizunguko 3,000. Langu linasoma 75, 16 na 48. Siku ile 16 itakapokuwa 11 na oili iko sawa, naunganisha geji ya kupimia ya gereji kuhakikisha, kisha nashusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, nikague beringi.