"Tutaipasha tu": kiporo na imani nyingine za jikoni

Saa mbili asubuhi, hoteli moja ya Malaba inayolisha madereva wa malori. Sufuria ya pilau ya jana bado iko jikoni, mkaa ulizimika usiku, kifuniko kimebana. Mimi ni mkaguzi; nikagusa ubavu wake: vuguvugu. Mpishi, mama wa umri wa kunizaa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tutaipasha tu mpaka itoe moshi. Hakuna mdudu atakayebaki."

Maneno haya nimeyasikia Tororo, nimeyasikia Busia, nimeyasikia hata kwa wapishi waliosomea upishi. Yananichosha kuliko uchafu, maana uchafu mtu huuona na kuuonea aibu. Kiporo cha pilau kinanukia vizuri.

Mchele hutoka shambani na spora (mbegu ngumu zilizolala) za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na kuchemsha hakuziui. Pilau ikishapoa chini ya nyuzi 60, spora zinaamka na kuwa bakteria, na ndani ya sufuria iliyofunikwa usiku kucha zinazaana na kumwaga sumu. Asubuhi ukiipasha unawaua bakteria wenyewe. Sumu inabaki palepale. Ile ya kutapisha huvumilia nyuzi 121 kwa zaidi ya saa nzima, na sufuria yako inayotokota haivuki nyuzi 100. Dereva akila saa tatu, kabla ya saa tisa anaweza kuwa anatapika kando ya barabara, naye atadhani ni malaria.

Bakteria mwingine, Staphylococcus, ni hivyo hivyo. Hutoka puani mwa mpishi au kwenye kidonda cha kidole, huingia katika nyama iliyopikwa ikakaa mezani, na sumu yake haivunjwi na moto wa kupashia.

Hapo huulizwa kama nataka watu watupe chakula. Nataka wakipoze usiku uleule, kabla ya kufunga hoteli. Pilau imwagwe kwenye sinia pana, kina kisizidi sentimita 5. Maharage na mchuzi, sufuria ikalishwe ndani ya beseni la maji ya barafu huku ukikoroga. Chakula kishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata, kwenye friji. Kiporo kilichopozwa hivyo, ukikipasha mpaka katikati kifike nyuzi 75, nitakula nawe. Huna friji? Pika kidogo mchana, upike tena jioni. Na jamani, nunueni kipimajoto cha chakula! Jiko lina visu kumi na miiko minane, kipimajoto hakuna, halafu tunabishana kuhusu joto kwa kugusa sufuria kwa mkono.

Imani nyingine ninazokutana nazo ni hizi. "Chakula cha moto kinaharibu friji." Kinachoisumbua friji ni lile sufuria zima la lita 20, ambalo katikati litabaki na joto mpaka alfajiri na kupasha moto maziwa yaliyo pembeni. Chakula kilichogawanywa kwenye vyombo vifupi friji inakimudu.

"Kingeharibika kingenuka." Bakteria wanaochachusha chakula na wanaowafanya watu waugue si lazima wawe walewale.

"Karanga zenye ukungu zikikaangwa vizuri zinafaa kwa binyebwa (mchuzi wa karanga)." Hapana kabisa. Aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na mlaji wa kila siku inamharibu ini polepole. Chambueni, tupeni.

"Barafu inaua vijidudu." Inawalaza tu. Mwaka 2015 Kampala ilipata mlipuko wa taifodi wenye wagonjwa walioshukiwa zaidi ya 10,000, na uchunguzi ulielekeza kwenye maji machafu na vinywaji vilivyouzwa mitaani. Juisi ya pasheni yenye maji yasiyochemshwa haitakaswi na ubaridi.

"Wapishi wangu wote wana cheti cha afya." Vizuri, lakini cheti kinasema juu ya siku ya kupimwa. Mtu anayebeba taifodi bila kuumwa hatoi vijidudu kila siku, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kumkosa. Mpishi anayeharisha leo akae nyumbani leo, na mshahara wake usikatwe, la sivyo atakuficha.

"Mkaguzi anakuja kutafuta vumbi la dirishani." Wenye hoteli husugua kuta wakisikia tuko mtaani, na mimi sianzii kutani. Ninaanzia nyuma, kwenye choo cha wafanyakazi, kuangalia kama bomba au jerikeni ina maji na kama sabuni imelowa. Sabuni mpya iliyo kavu saa sita mchana, katika jiko lenye wapishi watano, imeshanieleza mengi kabla sijafunua sufuria hata moja.