Je, wajua kwa nini manowari iliyozama hujaa samaki?

Tarehe 17 Mei 2006, Jeshi la Majini la Marekani liliizamisha kwa baruti meli yake lenyewe, USS Oriskany, manowari ya kubeba ndege iliyopigana katika vita vya Korea na Vietnam. Ilikuwa na urefu unaozidi mita 270. Ilishuka kwa dakika 37 hadi kwenye kina cha mita 65, kilomita 39 hivi kusini mwa Pensacola, jimbo la Florida. Hapakuwa na adui. Ilizamishwa ili iwe makazi ya samaki, na hadi leo wazamiaji husafiri kutoka mbali, hubeba mitungi ya hewa mgongoni na kushuka kuitazama.

Mvuvi wa Mtwara au Lindi hawezi kushangaa kusikia kwamba samaki wamehamia humo. Anayetega dema anafahamu kuwa penye kitu kilichozama ndipo penye chewa. Ubishi huanza kwenye sababu. Maelezo yanayosikika sana madikoni ni kwamba chuma chenyewe ndicho kinachofanya kazi: kutu huyeyuka, huotesha mwani, mwani huwaita samaki wadogo, na wadogo huwaita wakubwa. Ni maelezo yanayoingia akilini upesi, lakini meli zilizozama katika bahari mbalimbali zinayakanusha, na moja kati ya hizo ina historia inayopita Lindi.

Oktoba 1914, manowari ya Uingereza HMS Chatham iliikuta meli ya Kijerumani Präsident imejificha ndani ya mto Lukuledi, pale Lindi. Nyaraka zilizokutwa humo zilionyesha kuwa makaa ya mawe yalipelekwa kwenye delta ya Rufiji, na hapo Waingereza wakatambua ilikokuwa SMS Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha manowari ya Uingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar mwezi mmoja kabla. Königsberg ikazingirwa, ikapigwa mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe wasiwaachie maadui. Zaidi ya tani 3,000 za meli zikabaki katika maji ya joto, ng'ambo ya Mafia, kwenye pwani yenye matumbawe tele. Kama kutu ingetosha kujenga mwamba, pale Rufiji pangekuwa na mwamba wa kupigiwa mfano. Haukuota. Maji ya delta yamechanganyika na maji ya mto, yana tope, mwanga hauendi mbali, na matumbawe hayavumilii hali hiyo. Tope likaimeza meli taratibu, na vipande vyake vingine vikakatwa kuwa chuma chakavu.

Mfano wa pili ni mkali zaidi, kwa sababu huko chuma kilileta madhara. Katika kisiwa cha Palmyra, katikati ya Bahari ya Pasifiki, meli ya uvuvi ilizama mwaka 1991 juu ya mwamba ulio hai. Maji ya eneo lile kwa asili yana madini ya chuma kidogo sana. Miaka ilivyopita, kiumbe mmoja wa ukoo wa karibu na matumbawe, lakini asiyejenga mifupa ya chokaa, akaongezeka kupita kiasi kuizunguka meli na kuyafunika matumbawe yaliyokuwepo. Watafiti wanahusisha mlipuko huo na chuma kilichokuwa kikitoka kwenye meli, ingawa baharini ni vigumu kutenga sababu moja na kuithibitisha peke yake. Uamuzi haukungoja uthibitisho kamili: mwishoni mwa 2013 kazi ya kuyaondoa mabaki ya meli hiyo ilianza.

Ukweli uliomo katika hoja ya kutu ni huu: mimea midogo ya baharini huhitaji chuma, na kwenye bahari kuu iliyo mbali na nchi kavu madini hayo huwa adimu. Pwani yetu haina uhaba huo. Ruvuma, Lukuledi na Mbwemkuru hushusha udongo baharini kila masika, na udongo huo una chuma ndani yake. Kuongeza kutu hapa ni kuongeza kilichopo.

Basi meli hutoa nini? Hutoa mahali pagumu, pasipohama, palipoinuka kutoka chini. Tuyachukue moja moja.

Matumbawe, chaza na sifongo hawatembei wakiwa wakubwa. Huzaa kwa kumwaga mabuu majini, na mabuu hao, wengi wadogo kuliko punje ya mtama, huchukuliwa na mkondo. Wana siku chache, au majuma machache, kabla ya nguvu zao kwisha. Katika muda huo lazima wapate kitu kigumu cha kujibandika. Wakiangukia mchanga mtupu au tope, wanakufa. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ni mchanga na tope, kwa hiyo kinachopungua si mbegu, ni mahali pa kushika. Mwenye ngalawa Mikindani anao ushahidi chini ya chombo chake: kikikaa majini muda mrefu, ubao huota magamba na mwani mpaka kikwanguliwe. Ubao ule hauna chuma, na bado viumbe wanaukimbilia.

Juu ya meli mpya mambo hufuatana. Ndani ya saa chache bakteria hutandaza utando mwembamba wenye utelezi. Utando huo ni muhimu, maana mabuu wengi huutumia kutambua kwamba wamefika mahali panapofaa. Mwani hufuata, kisha wenye magamba magumu, kisha sifongo na matumbawe laini. Matumbawe magumu huchelewa. Yale ya umbo la jiwe hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na tena huhitaji mwanga, kwa hiyo meli iliyolala kina kirefu haitageuka kuwa mwamba wa matumbawe hata ipewe miaka mia. Itabaki gofu lililovikwa viumbe wengine, nalo bado huvutia samaki.

Uthabiti ndio unaosahaulika, na Mtwara na Lindi zina sababu ya kuujali. Baruti ikipigwa kwenye mwamba, haiui samaki tu. Huuvunja mwamba kuwa vifusi. Mabuu wa matumbawe huendelea kuja kila msimu, hujibandika kwenye vifusi hivyo, kisha wimbi au bamvua hukigeuza kile kipande na kumsaga au kumfukia mdogo aliyeanza kukua. Ndiyo maana sehemu iliyolipuliwa inaweza kukaa miongo mingi ikiwa uwanja wa mawe yaliyokufa, wakati mwamba wenye afya uko jirani na maji ni safi. Marekani walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya matairi milioni mbili yalishushwa baharini karibu na Fort Lauderdale, Florida, yawe makazi ya samaki, mahali panapoitwa Osborne Reef. Kamba na vifungo vilikatika, matairi yakaanza kutembea na dhoruba, yakagonga miamba ya asili. Badala ya kujenga mwamba, yakaharibu uliokuwepo, na kuyatoa kukawa mradi wa miaka mingi.

Manowari ni nzito, lakini hata uzito wake una kikomo. USS Spiegel Grove, meli nyingine ya kivita iliyoandaliwa kuwa makazi ya samaki, ilizama kabla ya wakati uliopangwa mwaka 2002 karibu na Key Largo, Florida, ikapinduka kichwa chini, ikalazwa ubavu kwa kazi kubwa, na mwaka 2005 kimbunga Dennis kikaisimamisha wima. Kwetu vimbunga si vya kila mwaka, lakini Lindi ilipigwa na kimoja mwaka 1952, na Kenneth ya 2019 ilipita ng'ambo tu ya Ruvuma. Anayepanga kuzamisha chochote pwani hii hana budi kuliweka hilo kwenye hesabu zake.

Jambo la tatu ni kimo. Mkondo unaokuja juu ya mchanga tambarare hupita na chakula chake. Ukikutana na ukuta wa meli, hupanda, huzunguka, na nyuma ya ukuta hubaki maji yaliyotulia. Vijidudu vinavyoelea hukusanyika kwenye mizunguko hiyo. Samaki wadogo husimama penye utulivu, ambapo hawatumii nguvu nyingi kuogelea, na huchopoka kidogo kudaka kinachopita. Kolekole huzunguka nje wakiwavizia. Chewa, mikunga na kambakochi huchukua vyumba vya ndani. Pwani ya Mtwara ina bahati ya kipekee katika hili: Mkondo wa Ikweta wa Kusini, unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hufika nchi kavu karibu na hapa na kaskazini ya Msumbiji, kisha hugawanyika, tawi moja likipanda kuelekea Lindi, Kilwa na Mafia. Kuta za asili za matumbawe huko Ruvula, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, zinafanya kazi ileile ya ubavu wa manowari, na zinaifanya vizuri zaidi.

Je, samaki wa kwenye meli ni wapya, au wamehama tu? Fikiria mwembe mkubwa uliosimama peke yake katikati ya shamba la ufuta. Asubuhi umejaa ndege. Ukiwahesabu wa mwembe huo tu, utasema mwembe umezaa ndege. Wengi wao, hata hivyo, jana walikuwa kwenye vichaka vya jirani. Ili ujue kama wameongezeka, lazima uhesabu na vichaka vyote, mwaka baada ya mwaka, uangalie vifaranga. Kama shida ya ndege wa eneo lile ilikuwa ni kukosa pa kujenga viota, mwembe utawaongeza kweli. Kama shida ilikuwa chakula, au manati, mwembe umewakusanya tu, na mwenye manati sasa anajua pa kwenda. Wanasayansi wamebishana kwa miongo kadhaa kuhusu samaki wa kwenye meli kwa hoja hizihizi, na majibu hutofautiana kwa aina ya samaki na mahali. Wale wanaoishi maisha yao yote ndani ya matundu huelekea kunufaika. Wanaosafiri, kama jodari na nguru, hupita tu.

Kuiandaa meli si kuifungulia maji na kuondoka. Mafuta hutolewa, rangi zenye sumu na nyaya huondolewa, milango hukatwa ili mzamiaji asinase. Oriskany iligharimu takriban dola milioni 20, na bado ilizama na mabaki ya PCB, kemikali zenye sumu, kwenye vifaa vyake vya umeme. Vipimo vya miaka ya mwanzo vilizikuta kemikali hizo katika samaki waliovuliwa pale.

Kwa mzamiaji, kina ndicho mtawala. Kila mita 10 huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, hivyo kwenye mita 30 mtungi huisha mara nne upesi kuliko juu. Kuanzia kina hicho naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huanza kulewesha, na kikomo cha mzamiaji wa kawaida ni mita 40. Sitaha ya Oriskany ilikuwa mita 41, na kimbunga Gustav cha 2008 kikaisogeza hadi 44, kwa hiyo wengi huishia kwenye mnara wake wa juu. Kuingia ndani ya meli ni jambo jingine kabisa: pezi likigusa vumbi la kutu, mlango hauonekani tena. Mwaka 2007 wazamiaji watatu walifia ndani ya Spiegel Grove.

Inawezekana, basi, kuzamisha meli Mtwara au Lindi? Inawezekana, ikiwa itawekwa mbali na tope la midomo ya mito, isilazwe juu ya mwamba ulio hai, iwe imesafishwa, na iwe mahali ambapo mwanga unafika. Sharti zito kuliko yote hayo ni la uvuvi. Mishipi, madema na nyavu vikiruhusiwa kuizunguka tangu siku ya kwanza, meli itakuwa imewakusanya chewa wa maili nyingi mahali pamoja ili wavuliwe kwa mafuta machache ya boti, na miamba walikotoka itabaki mitupu.