Pingu Huja Mwisho

Kila tunapokwenda Pwani kuzungumza na wananchi kuhusu dawa za kulevya, nusu saa haiishi kabla mtu hajanyoosha mkono kuuliza: wale ndugu wawili wa Akasha walikamatwa Mombasa, unga wenyewe ulitolewa hapa hapa Kenya, sasa ilikuwaje wakafungwe Marekani? Swali hili lina haki ya kujibiwa vizuri, maana ndani yake mna karibu kila kitu kinachofaa kujulikana kuhusu kesi za serikali ya shirikisho ya Marekani.

Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Novemba 2014. Watu wengi wanakumbuka siku hiyo tu. Lakini kwa miezi kadhaa kabla yake, ndugu hao walikuwa wakikutana na watu waliojitambulisha kuwa wajumbe wa genge la Kolombia lenye soko Marekani. Genge hilo halikuwapo. Wajumbe wale walikuwa wakifanya kazi na DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, na mazungumzo yalikuwa yakirekodiwa. Kwanza ilitolewa kilo moja ya heroini ili mteja aonje. Kilo nzima! Muuza mchele sokoni hukuonjesha kiganja. Baadaye zikafuata kilo 98, pamoja na kilo mbili za methamfetamini.

Sheria ya Marekani inamgusa mtu yeyote, popote alipo duniani, anayesambaza dawa hizo akijua au akikusudia ziingie nchini humo. Zaidi ya hapo, kula njama ni kosa linalojitegemea. Kwa hiyo mzigo haukuwa na haja ya kufika New York. Wenyewe waliambiwa unakokwenda, wakakubali, na kukubali huko kukawa ushahidi.

Kesi ya kuwapeleka Marekani ilisuasua mahakamani Kenya kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Januari 2017 waliposafirishwa. Oktoba 2018 walikiri makosa, pamoja na kuwahonga maofisa nchini Kenya. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwezi Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23 Januari 2020. Wanaoona adhabu hizo ni kali wajue kwamba ile kilo moja ya kuonja, peke yake, kima chake cha chini kisheria ni miaka 10. Na utaratibu wa kuachiliwa mapema na bodi ya parole ulifutwa katika mfumo wa shirikisho kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1987. Mwenendo mwema gerezani humpunguzia mfungwa siku zisizozidi 54 kwa mwaka.

Mtego si njia pekee. Wapelelezi wanaweza kusikiliza simu, ila lazima jaji aridhike kwanza kwamba njia za kawaida zimeshindwa au hazitafua dafu, na kibali chake hakizidi siku 30 bila kuombwa upya. Ushahidi ukishakusanywa hupelekwa mbele ya jopo la raia 16 hadi 23, ambao hukaa faraghani. Wakikubali angalau 12, mashtaka yanatoka. Mtuhumiwa haitwi, na jaji anaweza kuamuru hati ya mashtaka ifichwe hadi siku ya kukamatwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa anakunywa kahawa yake baraza la jirani huku jina lake limeshaandikwa kortini.

Kwa watoro wanaotuhumiwa kwa mauaji mambo huenda tofauti kidogo. Mauaji, kwa kawaida, ni kesi ya jimbo. Mshukiwa akivuka mpaka wa jimbo lake kukwepa mashtaka, shirikisho linaweza kutoa hati yake lenyewe ya kukamata kwa kosa la kukimbia, na hapo FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, huingia kazini. Kikosi cha Marshals, maofisa wa shirikisho wanaotumikia mahakama zake, kilichoundwa mwaka 1789, nacho husaidia polisi wa majimbo kuwasaka watoro wa namna hii. Mtoro akipatikana, hati ile ya shirikisho mara nyingi hufutwa. Kazi yake ilikuwa kumfikia tu.

Wakenya waliliona hilo kwa karibu. Mwanamume aliyetafutwa kwa kifo cha mwanamke ambaye mwili wake ulikutwa ndani ya gari kwenye uwanja wa ndege wa Boston mwaka 2023 alikamatwa Nairobi Januari 2024. Wiki moja baadaye akatoroka kituo cha polisi, akanaswa tena baada ya siku chache, na Septemba akarudishwa Marekani. Wapo wanaodhani ukijificha miaka ya kutosha kesi inakufa. Kwa anayeikimbia sheria ya shirikisho, muda wa ukomo wa mashtaka hauhesabiwi.

Linalotusumbua zaidi ni jamaa wa wanaotafutwa, hasa wanaoishi Marekani. Maofisa wa shirikisho wakibisha hodi, una haki ya kunyamaza na kuomba wakili. Kusema uongo ni jambo jingine. Shangazi akijibu mlangoni "hayupo, sijamwona tangu Idi," na kijana anayetafutwa yuko chumba cha nyuma, uongo huo unaweza kumgharimu hadi miaka mitano. Kumficha mtu unayejua ana hati ya kukamatwa kwa kosa kubwa ni mashtaka mengine, nayo hadi mitano.