Kifua Kikibana Ukiwa Kisumu, Usingoje Nairobi

Nitajuaje kama ni mshtuko wa moyo au ni gesi tu?

Nyumbani hutajua. Kifua kubana katikati, maumivu kupanda tayani au kushuka mkononi, jasho jembamba na kichefuchefu ni dalili za kawaida. Lakini mama mwenye kisukari huenda akahisi uchovu na kuishiwa pumzi tu. Ukinywa dawa ya vidonda vya tumbo ukisubiri kupambazuke, na kumbe ni mshtuko wa moyo, basi mshipa umeziba na misuli ya moyo inazidi kufa kwa kukosa damu. Kama aspirini haikudhuru na hutokwi na damu, tafuna miligramu 300, kisha upelekwe hospitali.

Watanipima nini?

ECG, mashine inayochora umeme wa moyo. Yafaa ifanywe ndani ya dakika 10 tangu ufike, kwa hiyo usikae kimya kwenye foleni. Mwambie muuguzi kifua kinauma. Mchoro wa kwanza ukiwa sawa, bado hujawa salama. Hurudiwa, na damu hupimwa troponini, protini inayovuja kutoka kwa misuli ya moyo iliyoumia. Vipimo vipya huinasa hata ikiwa kidogo mno, na mara nyingi jibu hupatikana ndani ya saa 1 hadi 3.

Niko Ahero, karibu na Kisumu. Si lazima nikazibuliwe mshipa wa moyo Nairobi?

Kuzibua kwa puto dogo linalojazwa ndani ya mshipa, tiba aliyoianzisha Andreas Grüntzig mjini Zurich mwaka 1977, ndiyo bora ikiwezekana ndani ya dakika 120 tangu ECG ionyeshe mshipa umeziba. Siku hizi puto likitolewa, ndani ya mshipa huachwa stenti, kijibomba cha wavu kinachozuia mshipa usizibe tena. Ila Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, na hakuna ambulensi itakayozimaliza kwa muda huo. ECG ikionyesha mshipa umeziba kabisa na puto liko mbali, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kama tenekteplase au streptokinase, ianze huku huku kabla ya safari, mradi saa 12 hazijapita tangu maumivu yaanze. Aliyewahi kuvuja damu ubongoni hapewi. Nawasihi jamaa wa mgonjwa: muulizeni daktari kuhusu dawa hiyo kabla ya kuanza kuchangisha nauli. Hata maumivu yakiisha, bado apelekwe penye puto.

Na baadaye?

Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, kwa kawaida hutumika pamoja kwa miezi 12, pamoja na statini ya kushusha kolesteroli. Pesa zikikatika, mwombe daktari akuandikie za bei nafuu. Usiache kimya kimya, hasa ukiwa na stenti, kwani damu inaweza kuganda ndani yake.