Makombe ya Kongo si ya mpira wa miguu peke yake

Hapa Lubumbashi, ukiuliza kwa nini mpira wa miguu ndio unaopewa pesa na nafasi redioni, utajibiwa: ndio mchezo pekee uliotuletea makombe. Si kweli.

Léopards wanaume, timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu, walichukua Kombe la Afrika mara mbili, 1968 na 1974. Wanawake wa basketi walikuwa mabingwa wa Afrika mara tatu: 1981, 1983 na 1994, enzi nchi yetu ikiitwa Zaire, kisha wakacheza Olimpiki ya Atlanta 1996. Kwenye ndondi, Ilunga Makabu alitwaa mkanda wa dunia wa WBC mwaka 2020, pale Kinshasa.

Najua, Mazembe, klabu ya mpira ya hapa Lubumbashi, ina makombe matano ya klabu bingwa Afrika. Hata mimi huvaa mistari ile myeusi na myeupe. Lakini hilo halifuti lingine.

Sababu ya mpira kupendelewa iko chini zaidi. Mpira unahitaji mawe mawili ya goli na mifuko iliyofungwa kamba. Basketi inataka saruji na chuma. Ringi ya kikapu ikishapinda, watoto hurudi kwenye mawe yao. Waliokulia huko ndio wanaojaza uwanja wa Mazembe kule Kamalondo, na redio huwafuata.